Sauti Niliyompa Musa

Hapana, si mchwa. Kitabu ni kizima, kiko pale juu ya kabati, kimefungwa kwa leso yake ile ile, na ukitaka kukishika nawa mikono kwanza. Wala si mafuriko. Wala hakuna mtu aliyetufukuza. Watu wa Garsen wakipita hapa Jumamosi asubuhi wanaona uwanja mtupu, mikeka imekunjwa, wanaambiana, "Aa, wale wa Sabato wamechoka, wamerudi kanisani." Hatujarudi. Tumetawanyika tu, kila mtu kwake, na aliyetutawanya ni mimi, kwa mdomo huu unaouona umebaki na meno manne.

Sijui herufi hata moja, hilo nilitangulize. Yote ninayoyajua yameingia kwa sikio. Haya nayasema kwa mdomo na mwingine anaandika, nami nimemwambia asinipambe.

Nilizaliwa Golbanti, pale misheni ilipofika zamani za mababu, na nikabatizwa ningali mchanga. Aliyeanza maswali ni marehemu mume wangu. Alikuwa mtu wa kukaa na Biblia mpaka taa iishe mafuta. Siku moja akamwendea mchungaji, akamuuliza, "Hii siku ya saba, nani aliihamisha?" Mchungaji alikuwa anasemea puani, hivi: "Mzeeee, weweee lima mpungaaa." Mume wangu akarudi nyumbani hakula. Mwaka ule akaenda bara kwa mazishi ya rafiki yake, na huko akakutana na watu wanaofuata Torati ya Musa, weusi kama sisi, wana mashamba ya viazi, Jumamosi hawawashi moto, wanasali kwa Kiebrania. Alitoka huko na kitabu na kalenda. Tukaanza nyumba moja, zikawa mbili, zikafika tano, hapo basi.

Sokoni walinisumbua. "Bibi, sasa nyinyi mmekuwa Wayahudi?" Nikawajibu, sisi bado tunabisha hodi. Hatujaambiwa karibu, na hatujaambiwa nendeni zenu.

Kitu kilichonishika mimi ni fungu. Torati yote imekatwa mafungu, kila wiki na fungu lake, na kalenda inakwambia wiki hii ni hili. Hapo hakuna kuchagua. Yule mchungaji wa puani, akigombana na mkewe, Jumapili tunasomewa wake wawatii waume zao, na kanisa zima linajua jana kwake hakukulaliwa. Fungu halina hila hiyo. Yakobo anamdanganya babake wiki yake ikifika, hata kama nyumbani kwako mna furaha, na huko Yerusalemu pia siku hiyo hiyo wako na Yakobo huyo huyo na ngozi yake ya mbuzi. Nikilala Ijumaa nilikuwa nawaza, kuna mama mwingine mahali, mweupe, mdomo kama wangu, kesho atamsikia Yakobo akidanganya. Mkifika mwisho, Musa amekufa mlimani, hamlii. Siku hiyo hiyo mnarudi kwenye mwanzo wa mbingu na nchi. Mara ya kwanza niliposikia hivyo nilisema, hii ni kama shamba la mto. Maji yanakuja, yanafuta yote, unalima upya pale pale.

Sasa Jumamosi yetu ilikuwa hivi. Asubuhi tunakaa hapa bandani, wanaume upande ule, wanawake huku, fungu linasomwa lote. Halafu tunakula chakula cha jana, wali baridi na samaki, na chai tuliyoitia kwenye chupa Ijumaa kabla ya jua kuzama. Baada ya chakula wanaume wanalala. Wanawake wanabaki kwangu.

Kwa sababu Kiswahili cha kile kitabu ni kigumu. Wenzangu wengi hawakusoma, na kile cha sokoni tunachokijua si kile. Wanasikia maneno yanapita juu kama ndege. Basi baada ya chai mmoja anasema, "Haya mama, ilikuwaje?" Nami nasimama, najifunga leso kiunoni, nawarudishia fungu lote toka mwanzo, Kipokomo na Kiswahili vimechanganyika, na kila mtu aliyemo nampa sauti.

Hii ni tabia yangu tangu utoto. Naiga watu. Mama yangu alinichapa kwa hiyo mpaka akachoka. Kwa hiyo Labani nilimpa sauti ya mwenye duka mmoja hapa karibu na njia ya mabasi, mtu mtamu sana wa maneno: "Yakobo, wewe ni mtu wangu. Chukua huyu kwanza, mzigo mpya haujashuka. Yule mwingine nakuwekea, wallahi, hapewi mtu." Ndugu zake Yusufu walikuwa vijana wa bodaboda: "Msee, huyu dogo anajiskia sana. Budaa anampenda yeye tu. Tumtupe hapo kwa shimo, tuseme ni simba." Punda wa Balaamu alikuwa dada yangu mkubwa, analalamikia mgongo. Farao alikuwa dalali mmoja wa soko la ng'ombe, ambaye hujawahi kumsikia akikubali kitu mara ya kwanza. "Hapana. Hapana. Toka. Ngoja, rudi. Hapana."

Mungu tu sikumpa sauti. Nikifika kwake nilikuwa nainamisha kichwa, nasema "akaambiwa," halafu napita haraka. Niliona hiyo ndiyo heshima. Wanawake walisifu, "Ona mama, anaogopa mahali pa kuogopa." Nikavimba.

Wote nilitaniana nao na hakuna aliyenuna. Mwenye duka akinipita ananiambia, "Labani anakusalimu." Mji mzima ulikuwa mali yangu. Isipokuwa mtu mmoja.

Mtu huyo ni mume wa binti yangu. Mkwe. Na kwetu mkwe hataniwi. Unaweza kumtania mjukuu mpaka alie, unaweza kumwita shemeji yako mume wangu mchana kweupe, lakini mkwe ni haya tupu. Hamshikani mikono, hamli sahani moja. Akiingia uani unavuta leso usoni, yeye anaangalia chini, mnasalimiana kwa mbali kama watu wenye siri. Miaka kumi na moja nilimwona viatu vyake kuliko nilivyomwona uso.

Ni fundi wa pampu za maji. Alikuja Garsen kutoka Hola, kufunga pampu kwenye mashamba ya maembe, akamwona binti yangu. Na ana kigugumizi. Si kile cha mtu anayejikwaa neno moja akaendelea. Cha kwake kinamshika koo. Siku ya kuposa ilibidi mjomba wake aseme yote, kwa sababu yeye aliposimama kusema "mama, nimekuja," herufi ya kwanza ilikaa mdomoni mpaka mume wangu akamwambia kwa upole, "Kaa, mwanangu, tumesikia umekuja." Akisema, kidevu kinaenda mbele, jicho la kushoto linafumba, na vidole viwili vinapiga paja, tap tap tap, kama anayebembeleza mtoto. Mashambani wanamtuma kwa ishara. Akipiga simu kuuliza vipuri, mwenye duka anakata, anadhani hakuna mtu.

Nami nilikuwa nikimwona nawashwa. Nisidanganye. Mtu anayeiga watu akikutana na sauti kama ile ni kama fisi kupita bucha. Lakini ni mkwe. Nikafunga mdomo.

Halafu akaanza kusoma fungu.

Ilikuwa hivi. Mume wangu macho yalimwishia, akauliza nani atashika kitabu. Mkwe wangu alikuwa amejifunza kwa simu. Mwalimu wa huko bara alikuwa akimtumia sauti, jinsi wanavyoisoma Torati kwa kuiimba, inapanda hapa, inashuka pale, si wimbo wa ngoma, ni kama mtu anayemwita mtu ng'ambo ya mto. Yeye akachukua ule mwendo akauvalisha maneno ya Kiswahili. Hakutuambia. Jumamosi hiyo akasimama, sisi wanawake tukainamisha vichwa kwa huruma, binti yangu akashika mkono wangu mpaka ukauma. Akafungua mdomo.

Sauti haikugonga popote. Maneno yalitoka kama maji ya pampu zake. Alisoma fungu zima, watu na majina yao magumu na watoto wa watoto wao, bila kukwama hata mara moja. Mume wangu alilia waziwazi. Tulipomaliza, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, akaenda kumpa mkono, akamwambia, "Umesoma vizuri." Na mkwe wangu akajibu, "A-a-a-a," ile "asante" haikutoka.

Ikawa hivyo miaka yote. Siku sita fundi asiyemaliza neno, siku ya saba hakuna mtu Garsen mwenye ulimi kama wake. Binti yangu aliniambia wakati mmoja, "Mama, yeye anaishi Jumamosi. Siku nyingine anasubiri tu." Nikamwambia, "Sisi sote." Lakini nilijua si sawa. Mume wangu alipofariki, mkwe wangu ndiye aliyeshikilia kila kitu. Bila yeye tulikuwa nyumba tano zenye kitabu.

Sasa nifike penyewe.

Ilikuwa Januari, joto lile la kukaa na kata ya maji, na fungu lilikuwa la kwanza katika Kutoka: wakunga, kisafina cha mafunjo, mti unaowaka. Asubuhi alisoma vizuri sana. Na siku hiyo tulikuwa na wageni watatu, wanawake wa Hola, jamaa za mmoja wetu, waliokuwa wamesikia habari zangu. Wakati wa chakula mmoja akasema, "Ndiye huyu bibi wa sauti? Mimi nimekuja kumsikia Farao." Mimi mtu akisema hivyo nimekwisha. Nilianza kuwashwa kabla ya chai.

Wanaume wakaenda kulala. Mkwe wangu nilimwona akielekea kwake, kwa maana viatu vyake niliviona vikitoka. Nikasimama.

Wakunga niliwapa sauti ya nesi wa zahanati, "Wanawake hawa hawatungoji, wanazaa wenyewe, mnataka tufanyeje, tuwarudishe ndani?" Wakacheka. Binti Farao, wakacheka. Farao, mgeni mmoja akashika mbavu. Halafu Musa kwenye mti. Nao walikuwa wamechangamka, na mimi nilikuwa juu kabisa, juu ya mnazi, nikitazama chini naona nyuso zote zangu. Musa anaambiwa nenda kwa Farao, na Musa anasema siwezi, mdomo wangu mzito, ulimi wangu mzito.

Miaka yote pale nilikuwa nampa Musa sauti ya mzee mchovu. Siku hiyo haikutosha. Na shetani wangu, au tuseme mimi, kwa sababu shetani hakuwepo, nikajiambia: huyu si mkwe. Huyu ni Musa. Musa hana haya na mtu. Imeandikwa mwenyewe alikuwa mzito wa ulimi. Mimi nasema kilichoandikwa.

Nikatoa kidevu mbele. Nikafumba jicho la kushoto. Vidole viwili pajani, tap tap tap.

"M-m-m-m-mi. M-m-m-mimi, B-b-b-b-b."

Nikamfanya mpaka mwisho. Nilimfanya kuliko nilivyowahi kumfanya mtu. Nilikuwa nimeweka ile sauti ndani miaka kumi na moja, ilikuwa imeiva. Hata ile pumzi anayoivuta anapokata tamaa na neno, akachukua lingine, nayo nikaiweka. Mgeni wa Hola aliviringika mkekani. Wenzangu, ambao wanamheshimu, waliziba midomo kwa leso na mabega yanatikisika, na aliyeshindwa akashindwa. Mmoja akasema, "Wee mama, utatuua," anapangusa machozi.

Binti yangu hakucheka. Alikuwa na chupa ya chai mkononi, na alikuwa haniangalii mimi. Anaangalia nyuma yangu.

Mkwe wangu alikuwa amerudi kuchukua miwani yake. Alisimama pale makuti yanapoishia, na ile miwani mkononi tayari, maana yake aliingia, akaichukua, na alikuwa anatoka. Kwa hiyo alisikia yote. Nikavuta leso usoni. Hiyo ndiyo heshima niliyokuwa nayo, kuvuta leso. Yeye akaangalia chini kama kawaida ya mkwe, akapita pembeni, akaenda.

Mtu wa kigugumizi ukimkosea huna hata bahati ya kutukanwa.

Na nikaendelea na hadithi, hilo ndilo nisilotaka kulisema. Wageni walikuwa hawajui. Wakauliza, "Halafu?" Nikasema halafu. Musa ananung'unika kwamba mdomo mzito, na hapo kuna jibu. Anaulizwa, huo mdomo, nani aliyeuumba? Na bubu, na kipofu, nani aliyewaumba? Hilo jibu ni la Mungu, na Mungu nilikuwa simpi sauti. Nikainamisha kichwa, nikasema "akaambiwa aende," nikapita. Miaka yote nilikuwa nalipita hivyo hivyo. Nilirudia kila alichosema punda, na pale palipohitaji kusemwa nilikuwa nainamisha kichwa na kusifiwa.

Wiki ile hakuja kwangu wala hakuna aliyeniletea neno. Nikajidanganya kwamba hakusikia vizuri. Nikajiambia, ni mtu mzima, ameshaigwa na watoto wa barabarani maisha yake yote, atakasirika na bibi kizee?

Jumamosi iliyofuata. Fungu, nimeshasema, halichagui wala halimhurumii mtu. Lile la wiki ya pili Musa anarudia. Analirudia mara mbili, tena mapema kabisa, kwamba midomo yake si ya kusema. Mkwe wangu akasimama na kitabu, akaanza kwa ule mwendo wake. Vizuri. Nikapumua. Akafika pale.

Ikakwama. Ndani ya wimbo. Sauti ilipanda kama inavyopanda siku zote, na pale juu neno halikuwepo. Akarudi nyuma mstari mmoja, kama mtu anayerudi apate nafasi ya kuruka mtaro. Akaja tena. Ikakwama. Mara ya tatu nikaona mkono wake wa kushoto, ule usioshika kitabu, unaanza kupiga paja. Yeye mwenyewe aliuona. Aliuangalia ule mkono kama si wake.

Na huku upande wetu msichana mmoja akacheka kidogo. Simlaumu. Nilimfundisha mimi.

Akafunga kitabu, akakibusu, akampa shemeji yangu, akakaa. Shemeji akavaa miwani ya mkwe wangu, kwa kuwa yake haimfai, akamalizia fungu kama mtu anayetoa miiba mguuni. Tulimaliza jua limepita kichwani.

Ya tatu, ile ya nzige na giza, alikuja akakaa nyuma kabisa, hakushika kitabu. Binti mmoja wa kwetu, mwalimu wa chekechea, akajaribu kusoma, na anajua kusoma, lakini alisoma kama anayeita majina ya wanafunzi. Nyumba moja ikasema watasomea kwao, mji ni joto, njia ndefu. Njia ilikuwa ni ile ile miaka yote. Nami sikusimama baada ya chai siku hiyo. Hakuna aliyesema "Haya mama, ilikuwaje?" Tulikunywa, tukaangaliana, mmoja akasema ng'ombe wameingia shambani kwake, akaondoka.

Kwetu mkwe akikosewa huendi mwenyewe. Unatuma mtu na kuku. Nikamtuma shemeji, kuku mweupe, tena yule mtagaji, si yule niliyetaka kumwondoa. Shemeji ni mtu wa kukohoa katikati ya maneno. Akarudi, "Amepokea, kh, kh. Anasema, mwambieni mama sina neno."

"Amesema hivyo tu?"

"Hivyo tu. Lakini, shemeji, kh, hayo maneno manne, maji ya chai yangechemka."

"Hajakasirika?"

"Angekasirika ningejua la kumwambia. Amemshika kuku, ameangalia chini, amesema hana neno. Na kweli hana, kh. Binti yako ananiambia sasa hata na watoto wake hasemi, anaandika kwenye simu."

Kuna fungu moja, huja baadaye kidogo katika mwaka, linasema usimtukane kiziwi, wala usimwekee kipofu kitu cha kumkwaza njiani. Mimi hilo nimelifundisha. Nilikuwa nalifundisha kwa kuigiza kipofu, anakanyaga bakuli, na watu wanacheka. Nimefundisha wanawake wa nyumba tano wasimwekee kipofu jiwe, huku nikiwachekesha kwa kipofu.

Sasa wiki iliyokuwa inakuja ilikuwa ya bahari. Bahari inapasuka, watu wanapita pakavu, wakishafika ng'ambo wanaimba. Lile ni fungu la wimbo, na ndilo lililokuwa lake hasa. Kila mwaka, akifika pale, alikuwa anasimama wima na sisi sote tunasimama, na hata jirani zetu Waislamu wa nyuma ya ua walikuwa wanatoka kusikiliza. Nikajiambia, lile halitamshinda. Lile ni wimbo tangu mwanzo. Akilipata lile amepona, na mimi nimepona, na mikeka itajaa.

Jumamosi yenyewe haikuwa na wimbo. Nilitandika mikeka asubuhi, nikakaa, akaja shemeji peke yake, tukakunywa chai tukaikunja. Zilizofuata hazikuwa na kitu. Wanaojua kusoma wanasoma kwao sasa, nyumba kwa nyumba, nasikia wanasoma. Kwangu mimi niko na kuku. Ijumaa naangalia ile kalenda ukutani, sijui hata tuko fungu gani, naona vidoti tu. Mama yule wa Yerusalemu ameshanipita, yuko mbele huko na Torati yake.

Lakini kilichotumaliza si Jumamosi ile. Ni Jumatano kabla yake. Nilivunja mwiko, nikaenda mwenyewe kwa binti yangu, nikijua mumewe yuko shambani kwa watu anafungua pampu. Nilimkuta mlangoni anachagua mchele kwenye ungo. Hakuinuka. Alinisogezea kigoda kwa mguu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kuku ametaga?"

"Hajataga."

"Atataga. Ni mgeni tu."

Akaendelea na mchele. Nikamwambia, "Wiki hii ni ya bahari."

"Najua."

"Mwambie mumeo asome hilo tu. Sitakuwepo, kama ni mimi. Nitakaa jikoni. Nitaenda Golbanti kwa dada yangu nilale huko."

"Mama, hawezi."

"Hajajaribu."

"Anajaribu kila siku. Anaamka kabla ya jogoo, anaenda mtoni, anadhani sijui. Nimemfuata. Anaanza ule wimbo, anafika neno la pili, anauona uso wako." Akatoa jiwe kwenye mchele, akalitupa uani. "Anasema anauona uso wako na jicho moja limefumba."

Sikuwa na sauti ya mtu yeyote ya kujibia. Nikachukua yangu, na yangu sijaizoea. Nikamwambia, "Mwanangu, nimekosa. Lakini watu watakaa pale Jumamosi, watasikia nini? Wenzangu wote hawajui herufi. Mimi sijui herufi. Nani atatusomea?"

Akaweka ungo chini, akaniangalia usoni, kitu ambacho mtoto wangu huyu hakuwahi kunifanyia tangu aolewe, akasema:

"Mdomo wake si umeuchukua wewe? Basi soma wewe."